Maswali ya Wasomaji: Kisu cha Ala cha Kazi Ngumu kwa Bei ya Wastani

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu visu, na karibu zote zinahusu vile visivyokunjwa, vinavyokaa kwenye ala kiunoni au kwenye mkoba wa kazi. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna maswali ambayo wengine wengi wameyauliza kwa maneno mengine.

Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mfugaji wa nyuki wilayani Sikonge, mkoani Tabora. Panga ninalo na shoka ninalo, ila kisu nilichokuwa nikipanda nacho mtini kilinivunjikia msimu uliopita nilipokuwa nikibandua mfuniko wa mzinga: bapa lilibaki limekwama, nami nikabaki nimeshika mpini mtupu. Binamu yangu anayeishi Uswidi atakuja nyumbani mwezi Desemba na ameahidi kuniletea kingine. Nimetenga shilingi laki tatu. Yeye anashauri ninunue cha Kimarekani chenye bapa la unene wa milimita 6, eti hakivunjiki hata kikigongwa kwa nyundo. Je, nimsikilize?

Kabla hujampa binamu yako jibu, uchukue ule mpini uliobaki nao mkononi, uupasue kwa shoka, utazame ndani yake. Katika visu vingi vya bei rahisi utakuta kijiti cha chuma chembamba kama msumari wa inchi tatu, kisichofika hata katikati ya mpini, kilichogandishwa kwa gundi kidogo. Sehemu hiyo ya chuma inayoingia ndani ya mpini huitwa msuka, kama ule wa jembe, na kisu kinachovunjika kazini mara nyingi huvunjikia hapo, mahali ambapo bapa pana linanyang'anywa upana wake ghafla ili lipate kuingia kwenye mpini. Ukikuta hivyo, basi unene wa bapa haukuwa na hatia yoyote katika kesi yako.

Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa aibu. Miaka mingi iliyopita nilinunua katika duka moja la mjini kisu chenye meno ya msumeno mgongoni, dira juu ya kifuniko cha mpini, na ndani ya mpini huo viberiti, ndoana na sindano. Nilijiona kamanda. Siku ya pili ya safari, nikichonga kigingi cha hema mbele ya vijana waliokuwa wakinitazama kwa heshima, bapa lilichomoka likaangukia majivuni, kwa sababu mpini wenye nafasi ya kuhifadhi ndoana hauwezi kuwa na nafasi ya msuka. Meno yale ya mgongoni nayo hayakukata hata kijiti. Kazi yake pekee ilikuwa kunichana kidole gumba kila nilipotaka kukaza kisu kwa nguvu.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kwamba bapa na msuka viwe chuma kimoja, na chuma hicho kiende hadi mwisho wa mpini. Katika baadhi ya visu utauona msuka kwa macho, umebanwa katikati ya vibao viwili kwa ribiti. Katika vingine umefichwa ndani ya plastiki ngumu, ukichomoza kidogo tu kitakoni. Namna zote mbili ni imara. Ile ya plastiki inayofunika chuma chote ina faida ya kutoshika baridi ya alfajiri na kutoruhusu asali kuingia kwenye mianya ya mpini, ambako huchacha na kuvuta sisimizi.

Sasa tuje kwenye milimita 6 za binamu. Ni kweli kwamba unene huleta ukakamavu, tena kwa kasi kubwa: ukiongeza unene wa bapa mara mbili, ukinzani wake dhidi ya kupinda huongezeka karibu mara nane. Ndiyo maana kisu kama Becker BK2 cha kampuni ya Ka-Bar, chenye unene wa zaidi kidogo ya milimita 6, kimejipatia sifa ya kutovunjika. Lakini kisu hicho kina uzito wa karibu nusu kilo, na bapa nene huingia kwenye kitu kama kabari inavyoingia kwenye gogo. Ukikata nacho sega, hulikati bali unalibonyeza, asali inakutiririkia mkononi na majana, yaani watoto wa nyuki, yanapondeka. Ukimenya nacho kamba ya gome, gome linapasuka kabla halijamenyeka. Mwenye kisu kimoja tu katika msitu wa baridi ana sababu ya kutaka kisu kinachofanya kazi ya shoka. Wewe shoka unalo, na panga unalo, na ukipanda mtini unahitaji chombo cha kukata, chenye bapa la urefu wa sentimita 10 au 11 na unene wa milimita 3 au zaidi kidogo. Kwa macho ya mtu wa mjini kisu hicho kitaonekana kidogo. Mwache aone hivyo.

Lipo jambo jingine ambalo binamu yako huenda hakulifikiria, kwa sababu yeye hafugi nyuki. Asali ni tindikali; kipimo chake cha pH kwa kawaida ni karibu 4, na zaidi ya hapo huvuta unyevu kutoka hewani. Visu vingi vya Kimarekani vya kazi ngumu, kwa mfano ESEE-4, hutengenezwa kwa chuma cha kaboni kinachoitwa 1095. Tarakimu mbili za mwisho zinaeleza kwamba kaboni iliyomo ni karibu asilimia 0.95, na kwa kweli ni chuma kizuri sana: hunoleka kwa urahisi na hustahimili kupigwa. Hata hivyo hakina kromiamu ya kukikinga na kutu. Kikilala usiku mmoja na asali juu yake, asubuhi utakikuta na madoa meusi, na baada ya msimu mmoja madoa hayo yatakuwa vishimo. Rangi nyeusi inayopakwa juu ya bapa husaidia, lakini makali yenyewe hayapakwi rangi, na ndiyo yanayogusa asali. Tena wewe unauza chakula. Mnunuzi akiona utusitusi wa kutu kwenye sega, hatasikiliza maelezo ya kaboni.

Wewe, basi, chukua chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, ambacho madukani huitwa stenlesi, yaani chuma chenye kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi. Hapa lazima nionye, kwa kuwa neno hilo peke yake halitoshi. Kijiko cha chai nacho ni stenlesi, na hakuna anayechonga kigingi kwa kijiko. Kinachofanya chuma kishike makali ni kaboni pamoja na namna kilivyotiwa moto na kupozwa. Kisu kilichogongwa maneno ya "stenlesi" bila kutaja jina la chuma, au kilichoandikwa 440 bila herufi ya A, B au C mbele yake, hakikuambii kitu cha maana, maana A na C zinatofautiana sana kwa kaboni. Msemo wa "chuma cha upasuaji" nao ni wa wauzaji tu. Vyuma vya Kiswidi vya 12C27 na 14C28N, vinavyotengenezwa na kampuni ya Alleima iliyokuwa sehemu ya Sandvik hadi 2022, vina kaboni ya karibu asilimia 0.6 na kromiamu ya asilimia 13 hadi 14, na vimekusudiwa visu tangu mwanzo.

Hapo ndipo bahati ya kuwa na binamu Uswidi inapoonekana. Katika mji wa Mora, jimbo la Dalarna, watu wametengeneza visu vya kazi kwa karne kadhaa, na kampuni ya Morakniv ya huko huuza visu viwili vinavyokuhusu. Companion ni kisu cha bei ndogo, kwa kawaida chini ya dola 30, chenye bapa la sentimita 10 na unene wa milimita 2.5, aina yake nzito ina milimita 3.2. Hukata vizuri kuliko visu vingi vya bei mara tano yake, ila msuka wake haufiki mwisho wa mpini. Garberg ni ndugu yake mkubwa: bapa la milimita 109, unene wa milimita 3.2, chuma cha 14C28N katika aina ya stenlesi, na msuka unaopita mpini mzima hadi kuchomoza kitakoni. Bei yake hubadilika kutegemea ala inayouzwa nacho, lakini yenye ala ya plastiki inatosha ndani ya laki tatu zako na kubakiza kidogo.

Kama usingelikuwa umevunja kisu, ningekuambia uchukue Companion mbili na kumaliza mazungumzo, na bado nadhani hilo ndilo jibu sahihi kwa wasomaji tisa kati ya kumi. Kwako wewe, ambaye hutumia kisu ukiwa juu, mkono mmoja umeshika tawi na nyuki wamekuzunguka, nasema Garberg yenye ala ya plastiki. Ala ya ngozi inapendeza lakini hunywa asali na maji, na hukaa na unyevu huo ikiwa imekumbatia bapa. Kabla ya kulipa, binamu aigeuze ala kichwa chini na kuitikisa: kisu kisidondoke. Kwenye mpini wa Garberg kuna tundu. Pitisha hapo kamba yenye rangi kali, nyekundu au ya machungwa, kwa sababu mavuno hufanyika jioni na usiku, na kisu cheusi kikianguka kwenye majani ya miombo hutakiona hadi moto wa kiangazi upite.

Fedha itakayobaki igawe mara mbili. Nusu nunua kinoo. Nusu ya pili mpe fundi akutengenezee kipande bapa cha chuma, urefu wa shubiri moja, kilichopindwa kidogo ncha moja, cha kubandulia mifuniko iliyogandishwa na gundi ya nyuki. Hata Garberg si mtaimbo.

Mwambie pia binamu kwamba kisu kisafiri ndani ya sanduku linalokwenda chini ya ndege, kikiwa kimefungwa vizuri, kamwe kisiwe kwenye mkoba wa mkononi. Huko Uswidi kwenyewe sheria ya mwaka 1988 inakataza kubeba kisu hadharani bila sababu ya msingi, kwa hiyo kikitoka dukani kibaki ndani ya boksi lake hadi Tabora.

Mheshimiwa Mhariri, ninaishi Machakos na sina ndugu ughaibuni. Nina shilingi elfu tano za Kenya. Kuna mhunzi ambaye hufua visu kutokana na springi za matatu, naye anasema chake kitashinda chochote cha dukani. Je, huo ni ukweli au ni maneno ya biashara?

Inawezekana ikawa kweli, na inategemea zaidi mafuta aliyo nayo mhunzi huyo kuliko nyundo yake.

Springi za magari ni chuma kizuri kwa kisu kigumu. Huwa na kaboni ya karibu asilimia 0.6, pamoja na kromiamu au silikoni na manganizi kidogo, na kimeundwa kupinda na kurudi maelfu ya mara bila kukatika. Ndiyo sababu sime nyingi za siku hizi hufuliwa kutokana na chuma hichohicho. Hatari yake ni uchovu. Springi iliyobeba abiria miaka kumi kwenye barabara ya mashimo inaweza kuwa na nyufa nyembamba zisizoonekana, hasa karibu na tundu la bolti la katikati na pale ilipovunjika. Mwombe mhunzi atumie kipande kilicho mbali na sehemu hizo. Usikubali nondo ya ujenzi hata ikiwa bei imeshuka nusu: nondo nyingi zina kaboni kidogo mno, na kisu chake kitanoleka vizuri sana na kupoteza makali kabla ya chakula cha mchana.

Nenda ukae karibu na kilinge chake siku ya kazi, utazame. Kisu kikishafuliwa na kupewa umbo, mhunzi mzuri hukirudisha motoni hadi kiwe chekundu kinachoelekea rangi ya chungwa, kisha hukigusisha na sumaku. Sumaku ikiacha kushika, hukiacha muda mfupi zaidi na kukichovya kwenye mafuta yaliyopashwa kidogo. Maji ni ya haraka mno kwa chuma cha springi na yanaweza kukipasua. Kikitoka hapo ni kigumu kama kioo, na kama kioo kikianguka sakafuni kinaweza kuvunjika. Inabidi kipate moto mara ya pili, mdogo na wa polepole, karibu nyuzi 200 za Selisiasi au zaidi kidogo, hadi sehemu iliyosuguliwa ionyeshe rangi ya njano kama majani makavu. Rangi ikifika buluu katika makali, moto umezidi na kisu kimelainika. Kazi hii ya pili ndiyo ambayo wengi huiruka, kwa kuwa mteja anasubiri na haionekani kubadilisha kitu. Mhunzi anayechovya kisu kwenye ndoo ya maji na kukukabidhi papo hapo, mshukuru kwa muda wake na umwachie.

Umbo pia lina neno lake. Pale bapa linapopungua kuwa msuka, mwambie azungushe kona badala ya kuikata mraba, kwa sababu kona ya mraba ndipo ufa unapoanzia. Unene wa springi upunguzwe hadi milimita 4 mgongoni, na upande wa makali uteremshwe tangu karibu na mgongo. Wahunzi wengi huacha bapa nene kote na kutia makali mafupi chini, nawe ukapata patasi yenye mpini. Mpini wa mpingo ukipatikana ni bora, maana mti huo haunywi maji kwa urahisi kama miti laini.

Toa malipo ya awali, na umalize baada ya kujaribu. Chukua tupa ya zamani, uipitishe polepole kwenye makali: ikila kama inavyokula msumari, chuma ni laini, ikiteleza huku ikikwaruza kidogo, kimeiva. Kisha chonga kijiti kikavu cha mti mgumu kwa dakika tano na uyatazame makali dhidi ya mwanga wa jua. Makali mazuri hayaonekani. Ukiona nukta zinazong'aa, hapo yamejikunja au kumeguka, na mhunzi ana kazi ya kurudia. Kwa elfu tano zako, ukimpata mtu anayekubali kukaguliwa namna hii, sioni sababu ya kutafuta chombo kutoka ng'ambo. Ila ukubali kwamba ni chuma cha kaboni: kikaushe, ukipake mafuta ya kupikia kidogo, na usikilaze ndani ya ala ya ngozi.

Bwana Mhariri, mimi ni mvuvi Pemba. Nilinunua kisu cha stenlesi kwa sababu niliambiwa hakishiki kutu, na baada ya miezi miwili kimeshika. Nimeibiwa?

Si lazima uwe umeibiwa. Kinachokilinda chuma hicho ni utando mwembamba sana unaojijenga wenyewe juu yake kwa msaada wa kromiamu na hewa, na chumvi ya bahari ina tabia ya kuutoboa utando huo katika nukta ndogondogo, hasa mahali ambapo maji hukaa bila kupata hewa, yaani ndani ya ala na chini ya mpini. Suuza kisu kwa maji baridi ya kisima kila unaporudi pwani, pamoja na ala yenyewe kwa ndani, na uviweke mbalimbali vikauke. Ala iwe ya plastiki yenye tundu chini la kutolea maji. Madoa uliyo nayo sasa, kama hayajawa vishimo, yatatoka kwa majivu laini na kitambaa chenye unyevu. Kisu kikishika kutu tena licha ya suuza ya kila siku, hapo ndipo ninapoanza kumshuku muuzaji.

Salaam. Ninaishi Leicester, Uingereza, na ningependa kubeba kisu cha ala ninapokwenda matembezi ya mwisho wa juma. Rafiki yangu anasema kikiwa chini ya inchi tatu hakuna shida.

Rafiki yako ameikumbuka nusu ya sheria, na nusu aliyoisahau ndiyo itakayokufikisha mahakamani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inaruhusu kubeba hadharani bila kutoa sababu kisu cha kukunja tu, chenye makali yasiyozidi inchi tatu, na kisiwe cha kujifunga kwa kufuli kikishafunguliwa. Kisu kisichokunjwa, hata kiwe na urefu wa kidole, kinahitaji sababu ya msingi, na mzigo wa kuithibitisha ni wako. Kupiga kambi kunaweza kuwa sababu ukiwa kambini kweli. Si sababu ukiwa umekisahau kiunoni kwenye basi siku ya Jumatatu. Kwa matembezi ya mchana, nunua kidogo cha kukunja kisichojifunga, na hicho kingine ukiweke ndani kabisa ya begi siku unapokwenda kulala porini.

Ndugu Mhariri, nilimpa kisu changu mnoaji wa baiskeli anayepita mitaani hapa Morogoro. Alikinoa hadi kikatoa cheche, nikafurahi, na kweli siku ile kilinyoa nywele za mkono. Sasa hakishiki makali hata siku moja. Kuna namna ya kukiponya?

Tazama sehemu ya chini ya bapa, sentimita nusu kutoka kwenye makali. Ukiona alama ya buluu au ya zambarau, hata kama ni hafifu kama mafuta juu ya dimbwi la maji, jiwe la mashine lilikipasha chuma joto kupita kiasi, na joto hilo likafuta ule ugumu tuliousimulia kwa msomaji wa Machakos. Mnoaji hakukusudia ubaya. Makali ni membamba, hupata moto kwa sekunde chache tu, na anayekanyaga pedali akiwa na foleni ya wateja hana muda wa kuchovya kisu kwenye maji kila mara.

Kilichopoteza ugumu hakirudi bila kutiwa moto upya. Habari njema ni kwamba uharibifu mara nyingi ni wa milimita moja au mbili. Sugua makali kwa mkono kwenye upande wa mkwaruzo wa kinoo chako, kwa maji mengi, hadi sehemu yote yenye rangi iishe. Itakuchukua jioni mbili. Ukiwa huna kinoo kizuri, gandisha msasa wa maji juu ya kipande cha kioo au kigae laini: anza na namba 400, kisha 800, umalizie na 1200, nimewahi kunoa visu vya nyumba nzima kwa msasa usiofikia bei ya soda tatu.

Tatizo la wengi ni pembe. Kwa kisu kilichoteremshwa tangu mgongoni, inua mgongo kutoka kwenye kinoo kwa kiasi cha theluthi moja ya upana wa bapa: bapa likiwa na upana wa sentimita 3, mgongo uinuke sentimita 1, nawe utakuwa umepata karibu digrii 20. Kwa visu vyenye mteremko mmoja mpana kama vile vya Mora, huna haja ya kupima. Laza mteremko wote juu ya kinoo hadi uhisi umetulia, na usukume. Sugua upande mmoja bila kubadilisha hadi upande wa pili ujitokeze kijiuzi chembamba cha chuma kilichojikunja. Hutakiona kwa macho, lakini ukipitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe si kando ya urefu wake, utakihisi kikikwaruza. Kijiuzi hicho kikiwapo kuanzia shina la bapa hadi ncha, geuza upande. Watu wengi hugeuza mapema mno, wakinoa mara tano huku na mara tano kule, na kisu hubaki butu katikati ambako ndiko wanakokitumia zaidi.

Mwisho, punguza nguvu ya mkono hadi iwe uzito wa kisu chenyewe, badilisha upande kila mpito mmoja, kisha kipitishe mara ishirini kwenye upande wa ndani wa mkanda wa ngozi, ukikivuta kinyumenyume, mgongo ukitangulia. Shika karatasi ya gazeti kwa ncha za vidole na uikate kwa kushuka. Pale karatasi itakapochanika badala ya kukatika ndipo pembe ilipokuponyoka, na hapo tu ndipo pa kurudia.